Kabalagala Mdomoni

Katika maisha yangu yote nimenyamaza mara moja tu, na mara hiyo moja ndiyo iliyonipatia mchumba.

Muulize mtu yeyote Nateete, mtaa wetu wa Kampala, kama nasema uongo. Wauza ndizi pale stendi wananijua kwa sauti kabla hawajaniona. Sekondari walimu walinikalisha dawati la mbele, si kwa akili, bali wawe karibu nikianza. Hata siku ya ile ajali ya boda iliyonikalisha kwenye kiti cha magurudumu, mama aliyeniokota barabarani aliwaambia wenzake, "Huyu hafi. Hebu sikilizeni anavyomtukana mwenye boda."

Sasa sikia nilivyonyamaza. Ilikuwa asubuhi, kibarazani kwetu, nina sahani ya kabalagala mapajani. Kama hujawahi kula kabalagala, ni vitumbua vya ndizi zilizopondwa na unga wa muhogo, na vikitoka kwenye mafuta vina moto wa kuzimu na utamu wa peponi. Nilikuwa nimetia kizima mdomoni. Kilikuwa cha moto mno kumeza, kitamu mno kutema. Hapo ndipo baba alipotokea na kofia yake ya lasi, shangazi Nusura nyuma yake kama askari wa doria.

"Sundus, mwanangu," baba akasema, "Swaibu, mtoto wa marehemu mzee Asuman, amekuposa. Wewe unasemaje?"

Mimi ninasemaje? Macho yalinitoka. Machozi yakanibubujika, maana ulimi ulikuwa unaungua. Nikainamisha kichwa ili hewa ipite puani.

"Maashallah!" shangazi akapiga vigelegele. "Kaka, umeona? Ameinama. Analia kwa haya. Amenyamaza!"

Na kwetu sisi, watoto wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani na misahafu yao begani, jambo hilo halina mjadala. Tumefundishwa madrasani tangu wadogo: msichana akiulizwa habari ya ndoa akanyamaza, kimya chake ni idhini. Hawakuuliza kama mdomo una kitu.

Utaniambia, ungemeza kisha useme. Nilimeza. Lakini nilipoinua kichwa, baba alikuwa anacheka. Tangu ajali yangu baba alikuwa hajacheka; alikuwa anatabasamu tu, lile tabasamu la kumwonea mtu huruma ambalo linakata kuliko wembe. Asubuhi ile alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Nani angeiokota ile kofia na kumwambia, baba, ivae vizuri, ilikuwa kabalagala tu?

Basi nikanyamaza kwa mara ya pili, safari hii bila chakula. Ndoa ikapangwa Ijumaa.

Zilibaki siku chache nilipodai haki yangu. Mchumba anaruhusiwa kumwona mchumba wake, wakiwa na mtu mzima. Shangazi alidhani nitachagua mgahawa wenye aiskrimu.

"Nataka kuonwa msituni," nikasema.

"Msituni! Wewe ni bibi harusi au tumbili?"

"Kuna njia ya mbao mpya, shangazi, kule bondeni mto unakotandaa. Kiti kinapita mwanzo hadi mwisho. Nimechoka kuonwa sebuleni kama kabati."

Sikumwambia kwamba njia ile niliijua kwa simu kabla sijaiona kwa macho. Sikumwambia kwamba ina mtu.

Mtu mwenyewe aliitwa Taban. Alizaliwa kwenye nyumba za polisi, kilima cha Nsambya. Baba yake, konstebo Mwacholi, alimpeleka kanisani akabatizwa Jasper. Mama yake, mwanamke wa Kiislamu kutoka Arua, alimwita Taban na hakuna padri aliyemzuia. Ijumaa ni wa mama, Jumapili ni wa baba, siku nyingine ni wa Mungu moja kwa moja. Tulikutana hospitalini, chumba cha mazoezi ya viungo, yeye bega limevunjika kwenye mpira, mimi ndiyo nimeanza kujifunza kuendesha kiti. Siku ya kwanza niligonga ukuta. Chumba kizima kikasema, "Bambi, pole!" Yeye peke yake akasema, "Afande, hiyo gari yako ina permit?"

Mtu wa kwanza kunicheka tangu ajali. Nilimrushia mpira wa mazoezi kichwani, kisha nikampenda, kwa mpangilio huo.

Baadaye alipata kazi na wale waliokuwa wakijenga njia ya msituni. Kila jioni simu: mteremko huu utakuchosha? Ukingo uwe juu kiasi gani ili uone maji ukiwa umekaa? Wanaume wengine huuliza kipimo cha kidole, wakanunue pete. Taban aliuliza upana wa kiti changu.

Lakini neno lile lenyewe hakulisema. Wala mimi sikulisema, mimi wa kusema kila kitu.

*

Jumapili, baada ya adhuhuri, gari la Swaibu lilitushusha kwenye lango la msitu. Swaibu alivaa viatu vyenye ncha na manukato ambayo, nasema kwa haki, yaliwafukuza mbu wote. Ana duka la mapazia soko la Owino, ana adabu, hana ubaya. Hilo ndilo lililonitesa. Mtu mbaya ungemkataa hata mdomo ukiwa umejaa.

Taban alikuwa langoni na sare ya kijani. Aliniona. Macho yake yalitua kwangu kama ndege kwenye tawi asiloliamini, yakaruka haraka.

"Karibuni. Mimi naitwa Taban, mwelekezi wenu."

"Tunashukuru, kijana," shangazi akasema, kikapu cha sambusa mkononi. "Huku kuna nyoka?"

"Wako, mama, lakini wanaogopa watu wa Nateete."

Nikauma mdomo nisicheke.

"Huyu ndiye bwana harusi?" Taban akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kununua.

"Ndiye," Swaibu akajibu kwa furaha, akashika vishikio vya kiti changu. "Nyabo, tulia, nitakusukuma."

"Asante, Swaibu. Mikono yangu inafanya kazi."

"Ninajua, lakini kwa nini ujichoshe nami nipo?"

"Ili niwe na hamu ya chakula."

Njia ilikuwa imeinuliwa juu ya nguzo, na upana wake ulikuwa wa kiti kimoja. Kwa hiyo msafara ulijipanga wenyewe: Taban mbele, mimi nyuma yake, shangazi nyuma yangu, bwana harusi mkiani. Kila Swaibu alipotaka kuniambia neno tamu ilibidi alipitishe juu ya kichwa cha shangazi, na shangazi akalijibu.

"Sundus, unapendeza leo!"

"Ni mtandio wangu," shangazi akasema. "Nimemwazima."

Mimi nilikuwa sisikii vizuri. Sijui nikueleze vipi. Tangu ajali, kila nilikokwenda kulikuwa na kizingiti, ngazi, tope, au mtu mwenye mikono ya huruma. Sasa magurudumu yalikuwa yanaimba juu ya mbao, tuk-tuk-tuk, na msitu ukanipokea bila kuniuliza nimepatwa na nini. Mitende pori iliinama kutoka kwenye maji meusi. Mikuyu ilisimama ndani ya mto kama akina mama waliopandisha magauni wavuke. Hondohondo alipita juu kwa kelele za mabawa, na ukingo wa pembeni, ule tuliobishana kwenye simu, ulikuwa chini ya kidevu changu kabisa, nikaona kila kitu.

"Urefu wa ukingo uko sawa?" Taban akauliza bila kugeuka. Kama mwelekezi tu.

"Uko sawa."

"Na mteremko?"

"Mteremko unatosha, konstebo."

Shangazi akakohoa. Shangazi ana masikio yanayosikia hata yasiyosemwa.

Tukafika mwisho, jukwaa la mbao lenye benchi, mto ukipita mbele yetu taratibu, rangi ya chai ya maziwa. Taban akasimama pembeni. Swaibu akapata nafasi yake, akaketi karibu nami, akapangusa viatu kwa leso.

"Sundus, nina habari njema. Nyumba imekwisha."

"Hongera."

"Ghorofa ya tatu, pale pale Nateete. Chumba chako kina dirisha kubwa kama ukuta. Utaona soko, stendi, msikiti, kila kitu. Hutahitaji kutoka kabisa."

Shangazi akasema maashallah. Mimi nikahesabu ghorofa kichwani, moja, mbili, tatu.

"Kuna lifti?"

Akacheka kwa upole. "Lifti ya nini, bambi? Mimi nipo. Nitakubeba mwenyewe, kama yai."

"Na ukiwa dukani Owino?"

"Jioni narudi."

"Na ukienda Dubai kuchukua mali?"

"Utanisubiri." Akaniangalia kwa mapenzi ya kweli kabisa, na ndiyo yaliyonifunga pumzi. "Dirisha lipo, Sundus. Nimelitia pazia la hariri."

Nilitazama mto. Nilijiona juu kule na pazia la hariri, nikitazama wauza ndizi wakipiga kelele bila mimi. Mwaka, miaka. Kila mtu anapita chini na kusema, yule pale juu ni mke wa Swaibu, alivyotunzwa!

"Wazee," Taban akasema ghafla. "Samahani. Tunarudi sasa hivi. Maji inapanda."

Hakukuwa na mvua kwetu. Lakini juu huko, Kampala yenyewe, wingu lilikuwa limevunjika, na mto wa bondeni hauji kwa kishindo. Huja kimya kimya, unashtukia umekaa nao. Tuligeuka. Hatukufika mbali. Pale njia inaposhuka kidogo ili ipite chini ya matawi ya mkuyu mkubwa, mbao hazikuwepo tena. Yalikuwepo maji tu, na nguzo moja yenye alama nyekundu, na maji yalikuwa yameivuka alama.

"Ikifunika nyekundu hakuna mtu anavuka," Taban akasema. "Hiyo ndiyo sheria. Nimepiga simu langoni, wanajua tuko huku. Kule jukwaani ni juu, maji haifiki. Tutangoja ishuke."

"Mpaka lini?" shangazi akauliza.

"Mama, mto haina saa."

"Haina shida," Swaibu akasema, tayari amevua viatu. "Maji ni ya magoti tu. Nitambeba Sundus."

"Kaka, chini ya maji huoni ubao umetoka wapi."

"Wewe elekeza ndege. Huyu ni mchumba wangu."

Akainama. Mkono mmoja ukapita nyuma ya mgongo wangu, mwingine chini ya magoti, hakuuliza, na kabla sijafungua mdomo miguu yangu ilikuwa hewani, kiti changu tupu chini yangu kama punda aliyeachwa.

"Niweke chini."

"Usiogope, bambi."

"Swaibu! Siogopi. Niweke chini!"

"Swaibu," shangazi akafoka, "ndoa haijafungwa! Mikono yako inafanya nini hapo?"

Sijawahi kuipenda sheria ya dini kama dakika ile. Akanirudisha kitini, masikio yamemwiva. Taban alikuwa ameshika ukingo kwa nguvu mpaka vidole vimekuwa vyeupe, lakini hakusogea. Alijua mimi si wa kupokonywa kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Alinitazama tu, akaniuliza kwa macho, uko sawa? Nikamjibu kwa macho, siko.

Tukarudi jukwaani. Na huko ndiko tulikofungiwa: mto mbele, mto nyuma, shangazi yangu, mchumba wangu na mpenzi wangu kwenye mbao zinazotosha kutandika mikeka michache. Tulikula sambusa. Nani angesema nini? Shangazi alimpa Taban mbili, kisha akamchunguza akitafuna, kama anayekagua pasi ya kusafiria.

"Wewe kijana ni Mwislamu?"

"Leo Jumapili, mama. Niko kwa baba."

"Na baba ni nani?"

"Polisi. Mkatoliki. Mama yangu ndiye Mwislamu."

"Astaghfirullah," shangazi akasema, akamwongezea sambusa ya tatu.

Alasiri ilipoingia, Swaibu akatoa kilemba chake akatandika, shangazi akasimama nyuma yake. Mimi nilikuwa na udhuru wa wanawake siku ile, basi nikabaki na kiti changu ukingoni, na Taban akabaki ukingoni na Jumapili yake. Swaibu husali taratibu. Mungu ambariki kwa hilo.

"Ijumaa?" Taban akanong'ona, akitazama maji.

"Ijumaa."

"Nilisikia sokoni. Wewe hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeposwa kwa sababu ya kitumbua?" Nikamweleza haraka haraka. Nilidhani atacheka. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Basi sema sasa," akasema. "Afande, wewe unagombana na kila mtu. Na konda wa teksi. Na daktari. Uligombana na mimi wiki mzima juu ya msumari. Kwa nini hii tu umeshindwa?"

"Kwa sababu baba alicheka."

Mdiria alishuka kwenye maji, akatoka na samaki, akaenda zake.

"Na wewe?" nikamgeukia, sauti ikitaka kupanda nikaikamata. "Mwaka mzima umenyamaza. Kwetu anayenyamaza amekubali. Wewe umekubali nini?"

"Mimi sikunyamaza." Akagusa ubao chini ya gurudumu langu kwa ncha ya kiatu. "Mimi niliongea na mbao."

Nilishika magurudumu yangu ili mikono isifanye mambo mengine.

"Ukikataa yule," akaendelea, "usikatae kwa sababu yangu. Siongelei mambo yangu leo. Ukitoka nyumba moja si lazima uingie ingine siku hiyo hiyo. Toka kwanza. Pumua. Mimi nitakuwa hapa, kazi yangu ni hapa."

"Na kama ukitoka hapa?"

"Nitakuambia. Nitakupigia nikuulize upana wa mlango."

"Assalaamu alaykum warahmatullah," Swaibu akamaliza, upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, na upande wa kushoto ndiko tulikokuwa. Nikasogeza kiti.

Shangazi alikunja polepole kanga aliyosalia. Nikajua kama sikusema kabla hajainua kile kikapu, sitasema tena.

"Shangazi, siku ile sikukubali."

"Siku ipi?"

"Baba aliponiuliza. Nilikuwa na kabalagala mdomoni. Sikuwa na haya, nilikuwa naungua."

Shangazi aliketi kwenye benchi kama mtu aliyesukumwa. Swaibu alibaki na kilemba mkononi.

"Ulilia," shangazi akasema.

"Ni moto wa mafuta."

"Uliinama!"

"Nilikuwa napoza ulimi, shangazi."

"Ya Rabi." Akajishika kifua. "Na mimi nimezunguka Nateete yote nikisema, bibi harusi wetu ana haya, bibi harusi wetu ana haya. Ndiyo maana watu walikuwa wananitazama vile!"

Kwa sekunde moja nilidhani tutacheka sote. Kisha Swaibu akasema, kwa sauti ndogo, "Ni ngazi? Sundus, kama ni ngazi, nitauliza bei ya lifti."

Laiti angenitukana. "Si ngazi, Swaibu. Ulijenga nyumba nzima ya kunioa, ukapanda zile ngazi kila siku na mafundi, na hata siku moja hukuziona."

Akatazama kiti changu, nadhani kwa mara ya kwanza, magurudumu yake na tope lake. Akanipa leso yake, ile ile ya viatu, maana nilikuwa nalia. Safari hii bila kabalagala.

"Shangazi, mwambie baba."

"Mimi?" Shangazi akaruka. "Mimi ndiye niliyelipeleka lile jibu kwa vigelegele. Silirudishi. Mdomo ulikuwa wako, kabalagala lilikuwa lako." Akatoa simu kifuani, akabonyeza, akaweka sauti ya nje kwa sababu bila hivyo hasikii. Halafu, mwanamke huyu ambaye amenigombeza tangu nitambae, akaniwekea simu mapajani na kunishika bega. "Sema. Mpaka nikahi isomwe una haki ya kusema. Ikishasomwa, hata mimi sitakusikia."

Simu ikaita mara moja tu.

"Nusura! Mmepata mvua? Huku Nateete ni mto! Mpe Sundus, nimwambie, nimempata yule mpishi wa pilau, yule mwenyewe!"

Sauti yake. Ilikuwa bado ina kile kicheko ndani, kimewekwa tayari, kama taa iliyoachwa inawaka mlangoni. Ulimi wangu ukaganda. Mimi, Sundus, mbele ya mto mzima, sikuwa na neno.

"Sundus? Upo? Mbona kimya, mwanangu?" Akacheka. "Haya tena, eh?"

Nilimtazama Taban. Hakunionyesha la kufanya. Alikuwa amegeuka kabisa, anatazama nguzo yake yenye alama nyekundu, shingo imekaza, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwenzake. Alinipa mgongo wake ili hata uso wake usinisemee.

"Baba, siku ile sikuwa na haya. Nilikuwa na kabalagala."

"Nini?"

"Kabalagala. Mdomoni. La moto."

"Sundus, huu si wakati wa mzaha."

"Ndilo tatizo langu, baba. Nikisema kweli, watu wanangoja mwisho wacheke. Hii haina mwisho huo. Sikumkubali Swaibu. Yuko hapa, ananisikia, ni mtu mwema, nimeshika leso yake. Lakini nyumba yake iko juu, na mimi nikiingia kule sitashuka. Leo nimeingia msituni kwa mikono yangu, baba. Kuna ndege hapa wana kelele kuliko mimi. Nilitaka kukuambia siku ile ile, lakini ulicheka, na mimi nilikuwa nimesahau kicheko chako kikoje. Nikaona, acha nikae kimya, acha acheke. Sasa siwezi tena." Nikavuta pumzi. "Baba, nakuomba ruhusa. Niruhusu nikatae."

Hakusema kitu.

Tulisikia mvua ya Nateete ikipiga mabati kwenye simu. Tulisikia mtu akiburuta kiti. Swaibu alikuwa ameinamisha kichwa. Shangazi alikuwa anasoma kitu kwa midomo bila sauti, vidole vyake vimezama begani mwangu.

"Kaka?" akaita. "Kaka, upo?"

Mvua tu.

"Nyekundu imetoka," Taban akanong'ona kutoka ukingoni. Kweli. Chini ya mkuyu, alama ilikuwa inachungulia, na ubao wa kwanza ulikuwa unameta kama mgongo wa kambare. "Njia imefunguka."

Hakuna aliyesogea. Njia ilikuwa mbele yangu, upana wa kiti changu hasa, na mimi nilikuwa bado nimefungwa pale kwa ile simu mapajani. Kisha nikakumbuka mimi ni nani, na nimesoma madrasa gani.

"Baba," nikasema, "nimekuuliza, na umenyamaza. Mlinifundisha wenyewe maana yake. Nihesabu umekubali?"

Kwenye simu baba alivuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyepata neno na yuko tayari kulitoa. Nilimsikia akilishika. Nilimsikia akiligeuza mdomoni, la moto, gumu kumeza.

Akanyamaza.